Kupima athari za viuatilifu kwa kutumia uduvi: mwongozo kamili kuanzia mwalo wa wavuvi hadi kwenye spektrofotomita

Msimu wa kunyunyizia mashamba ukipita, ujumbe huanza kuingia, na karibu wote unafanana: "Nimepima kolinesterasi ya uduvi kama ulivyoeleza, lakini namba zinaruka tu. Kituo kisafi kinasoma chini kuliko mdomo wa mto." Nikiuliza maswali matatu, jibu linajitokeza. Uduvi walisafiri saa nne kwenye ndoo isiyo na barafu. Au walichanganywa wadogo, wakubwa na majike yenye mayai. Au hakuna aliyesoma sampuli tupu, ile inayoonyesha rangi isiyotokana na kinachopimwa.

Kwa hiyo nimeandika upya mwongozo wote wa kupima kolinesterasi, kimeng'enya cha neva ambacho baadhi ya viuatilifu hukizuia, na uzito nimeuweka kwenye kazi inayofanyika kabla mashine haijawashwa. Huko ndiko wengi wanakoanguka.

Mfano wetu ni uduvi wa Ziwa Victoria, *Caridina nilotica*, yule ambaye Wajaluo humwita ochong'a na ambaye wauza chakula cha kuku wanamfahamu vizuri. Ukiwa kwenye bwawa au mto wenye kamba wadogo wa jamii nyingine, utaratibu ni uleule, ila usilinganishe namba za spishi mbili.

## Unapima nini hasa

Neva za uduvi hupelekeana taarifa kwa kemikali iitwayo asetilikolini. Taarifa ikishafika, kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi (kwa kifupi kolinesterasi) huivunja kemikali hiyo ili neva ipumzike. Viuatilifu vya kundi la oganofosfeti (klopairifosi, diazinoni, profenofosi, dimethoeti) na vya kundi la kabameti (kabofurani, kabarili, methomili) hukishika kimeng'enya hicho na kukizuia kufanya kazi. Kadiri kilivyoshikwa, ndivyo kasi yake inavyoshuka, na kasi hiyo ndiyo tunayoipima.

Faida yake juu ya chupa ya maji ni muda. Chupa inakuonyesha maji ya dakika ile uliyochota. Uduvi aliyepata oganofosfeti hubaki na dalili kwa siku kadhaa, hata wiki, kwa sababu inambidi atengeneze kimeng'enya kipya.

## Kipimo hiki hakioni kila sumu

Soma sehemu hii kabla hujatumia hata shilingi moja.

Pairethroidi, ambazo wakulima wengi wa pamba na mboga wanazitumia, haziishiki kolinesterasi. Zinavuruga njia za sodiamu kwenye neva. Imidakloprid na ndugu zake wanagusa kipokeo cha asetilikolini na kukiacha kimeng'enya. Endosulfani, ile iliyojulikana mialoni kwa jina la Thiodan, nayo ina njia yake nyingine. Mnamo 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya uvuvi wa sumu, mtu ambaye angepima kolinesterasi peke yake angeweza kutangaza kwamba ziwa ni salama huku samaki wa endosulfani wakielea.

Basi kimeng'enya kikisoma kawaida, sema hivi tu: "hatukuona dalili ya oganofosfeti wala kabameti." Usiandike kwamba maji ni safi.

## Vifaa

Vya ziwani:

- wavu wa mkono wenye matundu ya milimita moja hivi
- ndoo mbili nyeupe na chujio la chai
- deli lenye barafu, na nitrojeni kimiminika ikipatikana
- vichupa vya plastiki vya mililita 2 na kalamu isiyofutika kwa maji
- kipimajoto, kipima pH, rula
- buti ndefu za mpira

Vya maabara:

- spektrofotomita (mashine inayopima jinsi myeyusho unavyofyonza mwanga) inayosoma nanomita 412. Ya mwanga wa kawaida inatosha, huhitaji ya mionzi ya urujuanimno
- sentrifuji yenye ubaridi (mashine inayozungusha vichupa ili mashapo yatuame)
- kisagio cha kioo cha mkono, au kinu kidogo na mchi
- pipeti za mikrolita 20, 100 na 1000
- mizani ya kupima miligramu
- chumvi mbili za fosfeti ya potasiamu (K₂HPO₄ na KH₂PO₄), bikaboneti ya sodiamu, Triton X-100
- DTNB (kemikali itakayogeuka njano), asetilithiokolini ayodidi (chambo cha kimeng'enya), eserini (sumu inayozuia kolinesterasi)
- kitendanishi cha Bradford na albumini ya ng'ombe, vya kupimia protini

Nitrojeni kimiminika wengi huiona kama anasa. Ulizia kwa wataalamu wa uhimilishaji wa ng'ombe katika wilaya yako. Wao hutunza mbegu za madume ndani yake, na mara nyingi watakujazia chombo kidogo ukiomba kwa adabu na mapema.

## Hatua ya 1: Chagua vituo na majira

Unahitaji angalau vituo viwili: kimoja unachokishuku, kama mdomo wa mto unaotoka mashambani, na kimoja cha kulinganishia. Bonde la mto Simiyu nchini Tanzania, lenye mashamba ya pamba, ni mfano mzuri wa cha kwanza.

Cha kulinganishia kisitofautiane sana na cha kwanza kwa joto, uchafu wa tope na mimea ya ufukweni. Watu huchukua maji ya wazi ya katikati ya ziwa kwa kuwa yanang'aa, halafu wanashangaa tofauti. Uduvi wa kwenye mafunjo na uduvi wa maji ya kina hawaishi maisha mamoja.

Ukikosa kituo safi, na mara nyingi utakikosa, linganisha kituo na chenyewe: pima kabla ya msimu wa kunyunyizia, katikati yake, na mwezi mmoja baada yake. Binafsi naupenda mpango huu kuliko kutafuta "ziwa safi" lisilokuwepo.

Andika joto la maji kila mara. Tofauti ya nyuzi nne au tano inaweza kubadilisha kimeng'enya bila sumu yoyote kuhusika.

## Hatua ya 2: Vua uduvi

Asubuhi, pitisha wavu chini ya magugu maji na kwenye mashina ya mafunjo, kisha utikise ndani ya ndoo nyeupe. Usiku uduvi hupanda juu na kuifuata taa, ndiyo maana huingia kwenye nyavu za dagaa. Ukiwaomba wavuvi wa dagaa wakusaidie, sawa, ila uwepo mwenyewe kwenye mtumbwi. Uduvi aliyekufa chini ya lundo la dagaa hana thamani kwako, na wa sokoni aliyekauka ndiyo kabisa.

Lenga uduvi hai 80 kwa kituo. Chagua hivi:

- wenye urefu wa milimita 15 hadi 20
- acha majike yenye mayai
- acha waliojivua gamba karibuni, wanaobonyea kama mkate uliolowa
- acha wanaolegea au kulala ubavu, lakini andika idadi yao, kwa sababu wanaweza kuwa ndio habari yenyewe

Sababu ya masharti haya ni kwamba kasi ya kimeng'enya kwa kila miligramu ya protini hubadilika na umri na hali ya mwili. Mayai huongeza protini isiyohusika na neva, hivyo jibu linashuka bila kosa la mto.

Onyo: vaa buti, kwa sababu kichocho kiko ufukweni, na mwulize mwenyeji kuhusu mamba kabla hujaingia. Toa taarifa kwa kamati ya mwalo pia. Mgeni anayekoroga mafunjo alfajiri akiwa na vichupa huzua maneno.

Umefanikiwa ukiona: ndoo ina uduvi wanaoruka unapoingiza kidole, wenye ukubwa unaokaribiana.

## Hatua ya 3: Gandisha papo hapo

Wamwage kwenye chujio, wakaushe kwa kitambaa, watie kwenye vichupa kumi kumi, viandike, zamisha kwenye nitrojeni. Tangu watoke majini hadi wagande isizidi dakika tano.

Huna nitrojeni? Waweke kwenye barafu na anza kusaga ndani ya saa mbili au tatu. Friza ya nyuzi -20 ni ya kulalia usiku mmoja. Kwa wiki au miezi unahitaji -80.

Mwaka wangu wa kwanza nilisafirisha sampuli kwa basi la usiku nikiwa na deli lililojaa barafu. Tulifika alfajiri, barafu ilikuwa maji ya uvuguvugu na vichupa vinaelea. Nilipima hivyo hivyo kwa ubishi. "Sumu" niliyoiona vituo vyote ilikuwa ya basi.

Kuna wanaosafirisha uduvi wakiwa hai kwenye ndoo yenye pampu ya hewa. Kwa oganofosfeti inakubalika. Kwa kabameti ni hatari, kwa sababu mshiko wake hulegea wenyewe, na saa chache katika maji mengine zinaweza kuifuta dalili uliyoifuata.

Usiyeyushe na kugandisha tena. Sampuli ikishayeyuka, imeyeyuka.

## Hatua ya 4: Andaa bafa na vitendanishi

Tengeneza myeyusho wa moli 0.1 kwa lita wa kila chumvi ya fosfeti, kisha uchanganye hivi kwa kila mililita 100 za bafa, yaani myeyusho unaoshikilia pH isibadilike:

- pH 7.4 (ya kusagia): K₂HPO₄ mililita 80.2 na KH₂PO₄ mililita 19.8. Ongeza Triton X-100 asilimia 0.1, kwa sababu kimeng'enya hiki kimejishikiza kwenye utando wa seli na sabuni hii hukibandua.
- pH 8.0 (ya kusomea): mililita 94 na mililita 6.
- pH 7.0 (ya DTNB): mililita 61.5 na mililita 38.5.

Hakikisha kwa kipima pH kilichosawazishwa siku hiyohiyo. Ukivuka 8.0, chambo chetu, asetilithiokolini, huvunjika chenyewe kwa kasi bila kimeng'enya.

DTNB: miligramu 39.6 kwenye mililita 10 za bafa ya pH 7.0, pamoja na bikaboneti miligramu 15. Funika kwa foili, weka kwenye barafu.

Asetilithiokolini ayodidi: miligramu 21.7 kwa kila mililita ya maji yaliyotoneshwa. Hiki ndicho chambo. Kimeng'enya kikikivunja, hutoka kipande chenye salfa kinachoigeuza DTNB kuwa njano. Tengeneza cha siku hiyo tu, mililita mbili zinatosha vipimo mia.

Onyo kubwa: usitie DTT wala mekaptoethanoli, kemikali zenye salfa za kulinda protini, kwenye bafa yoyote. Maabara nyingi za protini huzimimina kwa mazoea. Zote mbili hugeuza DTNB kuwa njano palepale, na utasoma kasi ya kitu kisichokuwepo. Bafa ya kuazima kwa jirani bila kujua ilimotiwa nini ni chanzo cha nusu ya barua ninazopata zenye neno "ajabu".

## Hatua ya 5: Kata mikia na usage

Fanya yote juu ya barafu. Tenga kichwa na mkia kwa wembe, na utumie mkia.

Kichwani kuna mambo mawili ya kukusumbua: rangi ya macho, ambayo hufyonza mwanga, na tezi ya kumeng'enyea chakula, iliyojaa vimeng'enya vinavyotafuna protini nyingine, kikiwemo unachokitafuta.

Angalia usiharibu upande wa tumbo. Uzi mweusi wa mgongoni ambao wapishi huutoa kwenye kamba ni utumbo. Uzi wa neva uko upande wa pili, tumboni, nao ndio unaobeba sehemu kubwa ya kile unachopima. Mwanafunzi mmoja aliimenya mikia yake kama anayeandaa pilau, akaitupa neva pamoja na magamba.

Mikia sita hadi kumi itakupa miligramu 250. Mizani ndiyo iamue. Ongeza bafa ya kusagia mililita 2.5, yaani moja kwa kumi. Saga kwa mipigo mifupi, ukipumzisha kisagio ndani ya barafu, kwa kuwa msuguano huleta joto.

Rudia hadi uwe na mafungu sita kwa kila kituo. Fungu moja lililosomwa mara sita si mafungu sita. Hilo ni fungu moja tu lililosomwa na mtu mwenye subira.

Umefanikiwa ukiona: rojo la kijivujivu lisilo na vipande vya nyama, magamba tu.

## Hatua ya 6: Zungusha kwenye sentrifuji

Nguvu ya g 10,000 kwa dakika 15, nyuzi 4.

g si mizunguko kwa dakika. Pima kwa sentimita umbali kutoka kitovu cha rota hadi kwenye kitako cha kichupa, kisha: g = 0.00001118 × umbali × mizunguko × mizunguko. Rota ya sentimita 8 inahitaji mizunguko 10,600 hivi. Ile ya sentimita 5 ikizungushwa kwa kasi hiyohiyo haifiki hata g 6,500, na mashapo yatabaki yakielea.

Chota maji ya juu bila kugusa mashapo wala utando wa mafuta. Yaweke kwenye barafu na uyasome siku hiyohiyo.

## Hatua ya 7: Soma kasi

Weka joto la chumba au la kishikio cha mashine kwenye nyuzi 25 na usilibadilishe hadi umalize vituo vyote. Bafa ya kusomea nayo iwe na joto hilo. Ukiitoa kwenye jokofu na kuitumia papo hapo, mstari wako utapinda.

Ndani ya kiveti, kichupa cha kusomea kwenye mashine:

1. bafa ya pH 8.0, mililita 2.6
2. maji ya juu ya sampuli, mililita 0.4
3. DTNB, mikrolita 100

Changanya, subiri dakika tano. Nyama yenyewe ina salfa huru zinazochukua DTNB mwanzoni. Ukianza bila kusubiri, utaisoma njano hiyo kana kwamba ni kazi ya kimeng'enya.

4. chambo, mikrolita 20

Geuza kiveti mara mbili, rudisha, andika ufyonzaji kila sekunde 30 kwa dakika tano. Soma kila fungu mara tatu.

Pamoja na hayo, soma tupu mbili:

- Tupu ya chambo: bafa mililita 3.0, DTNB na chambo, bila sampuli. Inaonyesha chambo kinavyovunjika chenyewe. Isome mwanzo, katikati na mwisho wa siku, maana hupanda.
- Tupu ya nyama: sampuli na DTNB, na maji mikrolita 20 badala ya chambo.

Toa mwendo wa tupu zote mbili kwenye kila jibu. Aliyeruka hatua hii asiniandikie.

Umefanikiwa ukiona: mstari ulionyooka, unaopanda kati ya 0.01 na 0.1 kwa dakika. Ukipanda kwa kasi kisha ukalala, sampuli ni nzito. Punguza hadi mililita 0.2, ujazie bafa. Jaribu hilo hata kama huna shida: nusu ya sampuli itoe nusu ya mwendo. Isipotoa, usiendelee.

## Hatua ya 8: Thibitisha kwa eserini

Njano inaweza kuletwa na vimeng'enya vingine. Chagua sampuli mbili kwa kila kituo. Kwenye kiveti ongeza mikrolita 30 za eserini ya milimoli 1 kwa lita kabla ya DTNB, subiri dakika 15, kisha usome kama kawaida. Mwendo ushuke karibu na sifuri. Ukibaki na robo au zaidi, sehemu hiyo si kolinesterasi na huna haki ya kuiita hivyo.

Eserini ni sumu kwa binadamu kwa njia ileile inavyofanya kwa uduvi. Glavu, miwani, na mabaki kwenye dumu la taka, si kwenye sinki.

Watu hujaribu badala yake kumwaga klopairifosi ndani ya rojo, halafu wanalalamika kwamba haizuii kitu. Haitazuia sana. Klopairifosi lazima kwanza igeuzwe na mwili wa mnyama kuwa oksoni, umbo linalokishika kimeng'enya, na rojo lako halifanyi tena kazi hiyo ipasavyo.

## Hatua ya 9: Pima protini

Tumia Bradford, soma nanomita 595. Triton huivuruga, kwa hiyo punguza sampuli mara 20 au zaidi, na utie kiasi kilekile cha Triton kwenye viwango vya albumini.

## Hatua ya 10: Piga hesabu

Mfano wa kufanyia mazoezi: baada ya kutoa tupu, mwendo ni 0.030 kwa dakika, na protini ya maji ya juu ni miligramu 1.6 kwa mililita.

- 0.030 ÷ 13.6 × 1000 = nanomoli 2.21 kwa mililita kwa dakika
- × 3.12 (ujazo wote wa kiveti) = 6.88
- ÷ 0.4 (sampuli) = 17.2
- ÷ 1.6 (protini) = nanomoli 10.8 kwa dakika kwa miligramu ya protini

Hiyo 13.6 inatokana na kiwango ambacho njano ya DTNB hufyonza mwanga. Baadhi ya maabara hutumia 14.15. Chagua moja, iandike kwenye ripoti, usibadilishe katikati.

Kisha asilimia ya kushuka: kituo cha kulinganishia kikiwa 12.0 na cha mtoni 8.1, ni 100 × (1 − 8.1 ÷ 12.0) = asilimia 32.5.

## Hatua ya 11: Amua namba inasema nini

Kipimo kinachotumika sana ni kwamba kushuka kwa asilimia 20 ni dalili ya kuguswa na sumu, na asilimia 50 ni hatari ya kifo. Jua tu kwamba desturi hiyo ilitokana na tafiti za ndege. Jamii nyingine za krasteshia (kundi la uduvi, kamba na kaa) huendelea kuogelea kimeng'enya kikiwa kimeshuka kupita hapo, nyingine hufa mapema. Mimi huiangalia kwanza tofauti kati ya mafungu ya kituo cha kulinganishia. Ikiwa mafungu hayo yenyewe yanapishana kwa asilimia 30, basi 20 yako ya mtoni haijasema neno.

Ukishuku kabameti, acha sehemu ya maji ya juu kwenye joto la chumba kwa saa moja, usome tena pamoja na sampuli ya kituo safi iliyokaa vilevile. Ya mtoni ikipanda na ya kituo safi ikabaki palepale, mshiko unalegea, na hiyo ni tabia ya kabameti. Ikibaki chini, elekea oganofosfeti.

Shaba na zebaki nazo zinaweza kukishusha kimeng'enya hiki. Karibu na wachimbaji wadogo wa dhahabu, ambako zebaki hutumika, usimtaje mkulima kabla hujapata kipimo cha kemikali. Peleka maji na matope ya kituo hicho kwenye maabara inayopima mabaki ya viuatilifu: Tanzania kuna Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, Arusha, Kenya kuna KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea.

Na vichupa vya kila kituo ambavyo hukuvitumia vibaki kwenye -80 hadi majibu hayo yarudi.